Vifuniko 300 vya Ukindu kwa Miezi Mitatu: Jibu kwa Mbunifu Anayekwenda Pangani

Swali: "Shikamoo. Mimi ni mbunifu wa samani na mapambo ya ndani, nimehitimu Dar es Salaam mwaka juzi. Hoteli moja ya Unguja inataka kuniagiza vifuniko 300 vya taa za kuning'inia, vilivyosukwa kwa ukindu, ndani ya miezi mitatu. Nataka kazi hii niifanye na kina mama wa kijiji cha bibi yangu, wilayani Pangani, maana wao ndio walionifanya niupende ususi. Naogopa mambo mawili: kumaliza mikindu ya bondeni, na kuwa mgeni mwingine anayekuja kijijini kuchukua na kuondoka. Nianzie wapi? Na je, si bora nitumie mkonge, ambao Tanga umejaa na ni mmea wa kwetu?"

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umeuliza kabla hujapokea malipo ya awali ya hoteli, kwa sababu mengi nitakayokuambia yanawezekana tu pale ambapo idadi na tarehe bado zinazungumzika.

Vifuniko 300 kutoka kijiji kimoja ndani ya miezi mitatu havitoki bila kuumiza bonde au kuwachosha wasusi, na kwa kawaida huumia wote wawili. Kazi yenyewe inafanyika, tena vizuri, ila uianze upande wa pili. Jua kwanza bonde linaweza kutoa majani mangapi kwa msimu, na kina mama wana saa ngapi kwa siku baada ya shamba, jiko na watoto. Ukishazipata hesabu hizo mbili ndipo uchukue penseli. Chuoni tulifundishwa kuchora kwanza na kutafuta malighafi baadaye, na kwa mbao au chuma mtu hupita salama. Kwa ukindu utaratibu huo unaleta madhara.

Tuanze na mti wenyewe. Mkindu, ambao wataalamu wa mimea huuita Phoenix reclinata, ni ndugu wa mtende. Huota kwa vichaka mahali penye unyevu, kandokando ya mito na kwenye mabonde, mashina kadhaa yakitoka pamoja chini. Kila shina lina kilele kimoja tu kinachotoa majani. Kilele kikikatwa, shina lile limekufa. Halitoi tawi ubavuni kama mwembe. Kinachokiokoa kichaka ni machipukizi mapya yanayotoka chini. Sasa, ukindu mzuri hutokana na jani ambalo bado limefumba, lililosimama wima katikati ya kilele. Wakati huo ni laini na jeupe, jua halijaligeuza kuwa kijani. Ndilo jani ambalo mti umelitengeneza kwa akiba yake na bado halijaurudishia chochote. Ukichukua moja na kuacha yanayofuata yafunguke, shina hustahimili miaka na miaka, na ndivyo bibi zetu walivyovuna. Ukichukua kila linalochomoza, majani ya zamani yanakauka bila kupata mbadala, shina linadhoofu na mwisho linakufa. Na mvunaji mwenye haraka, mwenye panga badala ya kisu kidogo, hujikuta amekata kilele pamoja na jani.

Mambo haya yametokea wapi? Nenda kaskazini-magharibi mwa Botswana, kwenye delta ya Okavango. Wanawake wa Wayei na Wahambukushu walisuka vikapu kwa majani ya mti wa jamii moja na mkoma wetu, Hyphaene petersiana, kwa matumizi ya nyumbani: kuweka nafaka, kubebea, kupepetea. Kuanzia miaka ya 1970 vikapu vile vilianza kununuliwa kwa mpango na kuuzwa nje, vikapendwa sana Ulaya na Marekani. Fedha ziliwafikia wanawake ambao hawakuwa na njia nyingi nyingine za kipato, na hilo lilikuwa jema kubwa. Lakini mwaka 1987 watafiti wawili, A. B. Cunningham na S. J. Milton, walichapisha uchunguzi wao kuhusu kilichoipata mimea. Mikoma ilikuwa imeelemewa na uvunaji, na mimea ya rangi ilikuwa na hali mbaya zaidi, kwa sababu rangi ya kahawia waliyoipenda wanunuzi ilitoka kwenye magome na mizizi. Jani huota tena. Mzizi uliochimbwa na gome lililobanduliwa ni habari nyingine.

Nimekutajia Botswana kwa sababu wale wanawake hawakubadilika hata kidogo. Walikuwa wasusi hodari wenye kanuni zao, na kilichobadilika ni kasi ya maagizo kutoka mbali. Agizo la hoteli yako ni la aina hiyohiyo.

Mkindu pia una wenyewe wengine. Nchini Kenya, kwenye misitu ya kando ya mto Tana, Margaret Kinnaird alichapisha mwaka 1992 utafiti juu ya mti huuhuu: Wapokomo wanautegemea kwa ujenzi na ususi, na mangabei wa mto Tana, kima adimu asiyepatikana kwingineko duniani, anautegemea kwa chakula. Pangani hamna mangabei huyo, lakini mna ndege na nyani wanaokula kindu, yaani matunda ya mkindu, na kuzitawanya mbegu. Na mikindu ina dume na jike, kila mmoja mti wake; mkimaliza majike yaliyo karibu na njia kwa sababu tu yanafikika, hamtapata miche.

Hata hivyo usiende kijijini ukidhani kwamba msusi ndiye adui wa mkindu. Katika mabonde niliyoyaona, mikindu mingi zaidi huondoka siku bonde linapofyekwa na kuchomwa ili kulima mpunga au mboga. Hakuna anayemlaumu mkulima. Mpunga unalisha, na kichaka cha mikindu hakimletei senti. Hapo ndipo kazi yako inaweza kuleta faida ambayo semina za mazingira hazijaleta. Familia inayopata fedha ya uhakika kutokana na ukindu kila mwaka, hata kama si nyingi, ina sababu ya kuacha vichaka kwenye mpaka wa shamba na ukingo wa kijito. Neno muhimu ni "kila mwaka". Agizo moja kubwa linaloondoka na kutorudi huacha visiki. Agizo dogo linalorudi hufanya watu wapande.

Basi uhesabu. Nenda bondeni na kina mama wenyewe, pamoja na mzee anayejua mipaka ya mashamba, mhesabu mashina yaliyokomaa ambayo mtu anaweza kuyafikia bila kupanda wala kukata. Kisha msuke kifuniko kimoja hadi mwisho, mwone kimekula majani mangapi machanga. Nitakupa mfano wa hesabu, na tarakimu zake ni za kufundishia tu, utaweka zako. Tuseme kifuniko kimoja kinakula majani matano. Mia tatu vinakula 1,500. Tuseme mmepata mashina 600 yanayofaa, na mmekubaliana shina moja litoe jani moja kila kiangazi. Hapo bonde linakupa vifuniko 120 kwa kiangazi kimoja, basi. Shina lenye afya hutoa majani kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo kiwango hicho kina huruma ndani yake, na mimi napendelea kiwe hivyo, maana ukame na moto haviombi ruhusa.

Halafu saa za watu. Tuseme kifuniko kinahitaji pima kumi na mbili za ukili, ule utepe mrefu uliosukwa (pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), na mama mmoja, katikati ya shughuli zake, anasuka pima mbili kwa siku. Kikundi cha kina mama ishirini kinatoa pima arobaini kwa siku. Agizo lako linataka pima 3,600. Hiyo ni siku tisini kamili za kusuka tu, bila Ijumaa, bila msiba, bila harusi, bila mtoto kuugua. Na bado hujakata, hujaanika, hujachana, hujashona. Mwenye hoteli hakukusudia ubaya aliposema miezi mitatu. Hajawahi kuonyeshwa hesabu hii, na wewe ndiye wa kumwonyesha.

Kalenda nayo ina sauti yake. Ukindu lazima uanikwe juani hadi ukauke na kung'aa. Ukifungwa na unyevu unaota ukungu na madoa meusi ambayo hayatoki tena. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ni wakati wa mvua na ni wakati wa shamba. Mtu akikuahidi ukindu mweupe mwezi wa Aprili, ama ana akiba ya kiangazi kilichopita ama anakuridhisha tu kwa heshima. Panga uvunaji wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, na tena kipupwe, Juni hadi Septemba. Uangalie pia Ramadhani imeangukia wapi, maana mchana wa mfungo hauna nguvu za kushona, na siku za mwisho kila mtu anaandaa Idi.

Kuhusu mkonge, nikusahihishe kwa upole. Mkonge si mmea wa kwetu kwa asili. Ni wa Meksiko, na uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Katika miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ilifika hai 62 tu, na kutokana na hiyo yakaja mashamba yote unayoyaona kutoka Tanga hadi Morogoro. Kwamba ni mgeni hakuufanyi kuwa mbaya. Singa zake, yaani nyuzi, ni imara, mkulima mdogo anaweza kuulima, na hauchukui chochote bondeni kwa kina mama. Lakini uutazame wote: singa ni kama asilimia nne tu ya uzito wa jani, na kinachobaki baada ya korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, kulisaga ni maji na makapi. Kule Hale, wilayani Korogwe, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya makapi hayo, ishara kwamba taka hizo zinaweza kupata kazi. Kwingi bado hutiririshwa au kurundikwa. Ukinunua singa, uliza korona ile inapeleka wapi maji yake.

Kuna mfano wa jirani ambao naufikiria kila mtu anaponiuliza swali hili. Kiondo cha Ukambani na Ukikuyu hakikuanza na mkonge. Wakamba walitumia nyuzi za gome la mbuyu, Wakikuyu nyuzi za kichaka cha mugiyo, zikisokotwa kwa kiganja juu ya paja. Mkonge ulipofika uliingia kwa sababu ulikuwa mrefu, mwingi na rahisi, baadaye zikaja nyuzi za nailoni. Mfuko uliendelea kuuzwa, ukasafiri dunia nzima. Lakini maarifa ya kubandua gome la mbuyu bila kuuua, na mbuyu ni miongoni mwa miti michache inayoliponya gome lake, yamebaki kwa wazee wachache. Kwa hiyo kwangu swali la mkonge linahusu zaidi nini kitabaki mikononi mwa kina mama ukishahama. Tumia mkonge pale unapofaa zaidi: kamba ya kuning'inizia, pindo la chini linaloshika umbo. Uso wa kazi uwe wa ukindu.

Na hapo niingie kwenye ubunifu wenyewe, maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Umeniandikia "vifuniko vilivyosukwa", nami nahisi umechora fremu ya waya yenye nyuzi zilizozungushwa. Iache. Kina mama wa pwani hawasuki kuzunguka fremu. Wanasuka ukili, utepe mrefu wa chane, yaani vipande vyembamba vya jani, zilizopishana kwa mshazari, upana wake ukitegemea idadi ya chane. Kisha ukili unashonwa ukingo kwa ukingo hadi uwe mkeka, kikapu au kofia. Ukili ndio tofali lako. Ukishalielewa hilo, umbo la kifuniko linajitokeza lenyewe, na kwa bahati njema liko tayari jikoni: kawa. Tazama kawa la kufunikia chakula. Ni ukili ulioshonwa kwa kuzunguka kutoka ncha hadi ukingo, ukitengeneza umbo la pia lisilohitaji fremu yoyote, jepesi, linalosimama kwa nguvu ya mshono wake. Toboa ncha, pitisha waya wa umeme, una taa. Hakuna mama atakayehitaji kufundishwa upya, na hakuna chuma kitakachopata kutu kwa hewa ya chumvi ya Unguja.

Kutoka hapo ndipo ubunifu wako unaanza kuleta thamani. Jaribu kubadilisha upana wa ukili katikati ya mzunguko. Jaribu kuruka mshono kila baada ya shubiri moja ili mwanga utoke kwa mistari. Jaribu chane nyembamba upande wa juu, ambako joto na macho ya mtu havifiki sana, na pana chini. Utakuta zinakula majani kwa viwango tofauti, na unaweza kupunguza majani matano hadi manne bila mteja kuona upungufu. Hiyo sehemu moja ya tano unayookoa ni mashina mengi bondeni. Mbunifu anayejua kupunguza jani moja kwenye kila kifuniko ameihifadhi mikindu kuliko anayebandika nembo ya kijani kwenye sanduku.

Changanya malighafi kwa sababu, usichanganye kwa urembo. Miyaa ya mkoma, ambao kwenu wengine huuita mkoche, ni migumu na mipana kuliko ukindu. Inafaa kwa vifuniko vikubwa vya ukumbini. Uhakikishe tu mikoma hiyo si ile inayogemwa kwa kukatwa kilele, maana hapo mti tayari una mzigo mwingine. Usumba ni hazina inayosahauliwa. Pwani ya mashariki ya Unguja wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye mchanga wa ufukweni kwa miezi, kisha huyaponda na kusokota kamba. Makumbi hayahitaji mti mpya kukatwa, nazi imekwisha kuliwa. Hoteli iko Unguja, kwa nini sehemu ya taa zake zisitoke kwa wanawake wa hukohuko?

Kuhusu rangi nitakuwa mkali kidogo. Anza bila rangi. Weupe wa ukindu ulioanikwa vizuri, na kivuli kinachotokea chane zinapobadilisha mwelekeo, vinatosha kabisa kwa taa, kwa sababu taa huonyesha msuko kuliko inavyoonyesha rangi. Rangi za unga za dukani zinachemshwa kwenye sufuria na maji yake humwagwa nyuma ya nyumba, karibu na kisima. Kama lazima mzitumie, hesabu gharama ya shimo la kumwagia na glavu, na uziweke kwenye bei. Manjano, ile bizari ya jikoni, hupauka upesi kwenye mwanga, hayafai kwa taa. Magome ya mikoko usiyaguse. Mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya serikali. Na mdaa, ambao mizizi yake hutoa rangi nyeusi, ni wa jamii moja na mti mmojawapo uliochimbwa kwa wingi kule Botswana. Bibi akiuchimba kidogo kwa mkeka wa mjukuu wake, ni sawa. Kwa vifuniko 300, hapana.

Mambo ya kiufundi nayapitia haraka. Tumia balbu za LED pekee, na uliandike hilo kwenye mkataba, kwa sababu balbu za zamani hutoa joto jingi na ukindu mkavu unashika moto. Usipake vanishi, inafanya jani livunjike upesi kama karatasi iliyokaangwa, na kifuniko kikichakaa hakirudi udongoni. Wafundishe wahudumu wa hoteli kuvikung'uta na kuvianika mara moja baada ya masika. Vifuniko vya nje, vinavyopigwa na jua moja kwa moja, vitapauka, na ni heshima kumwambia mteja mapema.

Sasa fedha, ambako ndiko wageni wanaochukua na kuondoka hujulikana. Keti na wasusi watatu wa rika tofauti, kila mmoja asuke kwa kasi yake ya kawaida huku mkitazama saa, na siku hiyo uwalipe. Kutokana na hapo pangeni bei ya pima, mbele ya wote, kwa kanuni hii: siku ya msusi isiwe chini ya siku ya kibarua wa shamba pale kijijini, na mimi nasema iwe juu yake, maana jembe hujifunzwa upesi na ukili mzuri huchukua utoto mzima. Mkata ukindu, mwanikaji na mshonaji walipwe kila mmoja kwa kazi yake. Mara nyingi mkataji ni kijana au mjane asiye kwenye kikundi, na ndiye anayeshika hatima ya shina. Mlipe kwa jani lililokatwa vizuri, usimlipe kwa mzigo, na utaona kisu kinavyobadilika. Sampuli zilipiwe hata zikikataliwa. Kosa likitokana na mchoro wako, hasara ni yako. Nusu ya fedha itangulie, na kila mtu apokee kwenye simu yake, isipitie kwa mtu mmoja.

Omba mkutano, na uombe kupitia serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakipa kijiji nguvu ya kusimamia msitu wake na kujiwekea sheria ndogo, kwa hiyo kile kiwango cha jani moja kwa shina kinaweza kuwa kanuni ya kijiji, kikadumu hata ukihamia kazi nyingine. Zungumza pia na afisa misitu wa wilaya kuhusu vibali kabla mzigo haujapakiwa kwenye jahazi. Kufanya hivyo baadaye ni taabu tupu.

Kuhusu mitindo ya kusuka, uliza ni ya nani na ni ya nini. Msala ni wa kuswalia. Kuna mikeka ya harusi, na kuna mikeka tunayowazikia wapenzi wetu. Mtindo unaoheshimika kwenye msala usiuning'inize juu ya kaunta ya baa kwa sababu tu unapendeza. Bibi yako atakuambia upi unaruhusiwa, na akikataa, kubali bila kubembeleza. Kenya ilitunga mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka ridhaa ya jamii kabla ya wengine kuyatumia kibiashara, na nchi wanachama wa ARIPO, shirika la Afrika la hakimiliki na ubunifu, zilipitisha Itifaki ya Swakopmund mwaka 2010 kwa lengo hilohilo. Usisubiri kulazimishwa. Andika mkataba kwa Kiswahili, usomwe kwa sauti mkutanoni, useme wazi kwamba mtindo wa asili ni wa kijiji, umbo jipya ni la pamoja kati yako na kikundi, na hoteli haina ruhusa ya kulipeleka likatengenezwe kwa plastiki kwingine. Jina la kijiji liandikwe kwenye kila kifuniko.

Nirudi kwa mwenye hoteli, maana najua ndiye anayekunyima usingizi. Usimpelekee malalamiko, mpelekee ratiba. Mwambie atapata vifuniko 60 ndani ya miezi mitatu. Kwa mfano wetu hizo ni pima 720, siku kumi na nane za kusuka, na muda uliobaki unatosha kukata, kuanika, kushona na kurekebisha. Zinatosha ukumbi wa kulia na mapokezi, mahali ambapo wageni watauliza zimetoka wapi. Kiangazi kinachofuata 120, na kinachofuata tena 120. Jumla ni 300, bonde likiwa ndani ya kiwango chake mwanzo hadi mwisho. Kwa vyumba vinavyosubiri, mpe za usumba kutoka Unguja, ambazo anaweza kuzibakiza akizipenda. Akikubali, muombe pia agizo dogo la kila mwaka la kubadilishia zilizochakaa, kwa maana zitachakaa, na hilo ndilo litakalowafanya watu wa Pangani wapande mikindu mipya kando ya vijito.

Akikataa na kung'ang'ania 300 kwa miezi mitatu, mkatalie. Najua unaanza maisha na maagizo ya ukubwa huo hayaji kila siku. Mkatalie hata hivyo, kisha nenda Pangani na vile 60 kichwani, kwa sababu kuna hoteli nyingine, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 hata sokoni watu wanauliza upya vikapu vya ukindu. Siku ya kwanza usibebe mchoro. Beba kisu kidogo, kamba ya kupimia na daftari, uombe uonyeshwe kawa la zamani kuliko yote kijijini, na mlitazame pamoja jinsi lilivyoanzwa kwenye ncha. Mwanzo ule ndio wenye ufundi mwingi, na si kila msusi wa leo anaujua.